Tukishavunja simu, mtoto anabaki na nani?

Nimepotea kidogo hapa kijiweni, naomba radhi. Kazi za gazetini zimenibana. Leo nataka niandike jambo ambalo gazetini lisingepita, au lingepita likiwa limekatwa mpaka likabaki aya mbili chini ya tangazo la zabuni.

Binti wa dada yangu anasoma sekondari, Kisarawe. Mwaka jana, akiwa kidato cha pili, alipangiwa kusoma risala ya wanaobaki kwenye mahafali ya kidato cha nne. Mtoto huyu ana kigugumizi. Si kikali, humjia akishikwa na hofu. Mwalimu alimwamini, naye akafanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo cha kabati la mama yake. Siku yenyewe, mbele ya mgeni rasmi na maturubai yaliyojaa wazazi, alikwama kwenye neno "mheshimiwa". Alikwama muda mrefu. Watu wakacheka kidogo, mwalimu akaanza kupiga makofi kumpa nguvu, na mtoto akaendelea mpaka mwisho. Enzi zetu jambo lingeishia hapo. Angetaniwa wiki mbili, kisha mwingine angeteleza kwenye tope mbele ya paredi na utani ungehamia kwake.

Kumbe kuna mgeni alikuwa anarekodi. Jioni ile ile video ikawa kwenye kundi la WhatsApp. Jumatatu kuna fundi alishakata ile sauti, "mhe-mhe-mhe", akaipandishia mdundo wa singeli. Halafu ikaja stika: uso wake, mdomo wazi, macho yamefumba. Stika ikawa jibu la kila kitu. Mtu akichelewa kujibu, stika. Mtu akikosea hesabu, stika. Hata watoto wa shule nyingine wasiomjua wakawa nayo, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba anachekwa na watu ambao hawezi hata kwenda kugombana nao.

Sasa angalia, msomaji. Shule ile mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, kama zilivyo shule zetu nyingi. Na hakuna mwanafunzi aliyevunja sheria hiyo. Aliyerekodi ni mgeni mwalikwa. Waliosambaza walitumia simu za mama zao na kaka zao, nyumbani, baada ya masomo. Marufuku ilifanya kazi yake mpaka getini, ikaishia hapo.

Na sisi wakubwa tulifanya nini? Mtoto alianza kuumwa kichwa kila asubuhi. Kisha tumbo. Dada akampeleka kupima. Malaria hakuna, UTI ikaonekana "ipo kidogo", akapewa dawa za siku saba. (Siku moja nitaandika habari ya hizi UTI za kidogo. Nashuku nusu yake ni huzuni ambayo haina kipimo pale maabara.) Bibi yake akasema haya ni mambo ya watu, atafutwe mtaalamu. Dada alipokuja kugundua kisa chenyewe akaiwekea simu nywila mpya. Simu ni yake, mtoto alikuwa anaiazima jioni. Kwa hiyo mtoto akabaki anajua kwamba huko nje anachekwa, ila sasa hajui wamesema nini.

Na mimi je? Mimi mjomba mtu, msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari? Nilipigiwa simu nikiwa nasubiri daladala Maili Moja. Nikamwambia, "Achana nao, wewe soma." Nilikuja kuangalia baadaye kwenye simu yangu yale mazungumzo yalichukua muda gani. Dakika moja na sekunde kumi na nne.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinisumbua tangu hapo. Miaka michache nyuma, nikiwa mgeni kabisa katika kazi hii, nilitumwa kwenye shule moja ya bweni hapa mkoani kwetu. Siitaji. Walikuwa wamefanya msako mabwenini wakapata simu kadhaa, na siku ile zilivunjwa kwa nyundo mbele ya wanafunzi wote. Nikapiga picha. Nikachukua maneno ya mkubwa mmoja kuhusu maadili na kuporomoka kwake. Wakati nyundo inaendelea, kijana mmoja alinyoosha mkono akaomba atoe kwanza memori kadi kwenye simu yake. Akakataliwa, watu wakacheka, nami nikacheka. Habari ikatoka na picha, nikafurahi kuliona jina langu. Sikumuuliza yule kijana kilichokuwa kwenye memori kadi. Inawezekana zilikuwa ni hizo video chafu vijana wanazoziita konekisheni. Inawezekana ilikuwa ni sauti ya mtu aliyekufa. Sikuuliza, na hakuna mhariri aliyeniuliza kwa nini sikuuliza.

Sikuwa peke yangu katika ushabiki huo. Mtakumbuka Oktoba 2019, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, alipowachapa viboko wanafunzi 14 wa Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, katika sakata la simu na mabweni kuchomwa moto. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alimpongeza hadharani. Nchi ikajadili viboko kwa wiki nzima: ni halali, si halali, nani ana mamlaka ya kuchapa. Bweni kuchomwa ni kosa kubwa, sina ubishi. Lakini sikumbuki mjadala uliouliza wale watoto walikuwa wanatafuta nini kwenye simu usiku, na walikuwa wanaongea na nani.

Najua kuna mwalimu anasoma hapa na ameshaanza kukasirika. Mwalimu, nakuelewa. Una darasa la watoto sitini na zaidi, usiku unaitwa bwenini, na mzazi anakuletea mtoto ambaye nyumbani amemshinda. Sisemi watoto wapewe simu shuleni. Binafsi naona marufuku ya simu darasani ni sawa kabisa. Ninachosema ni kwamba kunyang'anya ni hatua ya kwanza na sisi tumeifanya kuwa hatua pekee. Tukishavunja simu tunakung'uta mikono, tunakwenda kula.

Wenzetu nao wanahangaika. Australia, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, watoto wa chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na mzigo umewekwa kwa makampuni, si kwa mtoto wala mzazi. Nimesikia watu wanataka tuige. Sawa, lakini tuangalie simu zetu zilivyo. Mtoto wa Kisarawe anaingia mtandaoni kwa simu ya mama, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole ya mama, bando kanunua kaka. Kampuni itamjuaje ni nani aliyeishika saa mbili usiku? Kwa mitambo yao huyo ni mwanamke wa miaka 41 anayependa singeli.

Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu watoto wetu mtandaoni. Ilikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti hapa Tanzania walifanyiwa ukatili mzito wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Kwa makadirio ya nchi nzima ni watoto kama 200,000. Kisa cha mpwa wangu si cha aina hiyo, nashukuru Mungu. Lakini kilichonishtua kwenye ripoti ile ni ukimya. Watoto hawaendi polisi, hawapigi simu za msaada. Wakisema, wanamwambia rafiki, naye ni mtoto kama wao. Nikajiuliza: huyu wetu, kama angekuwa ametumiwa picha mbaya au anatishiwa na mtu mzima, angemwambia nani? Mama mwenye nywila? Bibi wa mtaalamu? Mjomba wa dakika moja na sekunde kumi na nne?

Na hapa ndipo Kisarawe inaponifikirisha. Hii ni nchi ya Wazaramo. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akapewa mwana hiti, na siku ikafika akapelekwa chini ya mti wa mkole akachezwa. Bibi yangu amepita huko na mpaka leo akisikia ngoma ile hatulii kitini. Sisemi turudi kulekule. Unyago umewaingiza watoto wengi kwenye ndoa mapema, na mambo mengine yaliyofundishwa pale mtoto wa miaka 13 hayamhusu hata kidogo. Lakini mle ndani kulikuwa na kitu kimoja ambacho tumekitupa pamoja na maji ya kuogea mwali: somo. Mtu mzima, asiye mama wala baba, ambaye kazi yake inayojulikana na mtaa mzima ni kusikia yale ambayo mtoto hawezi kumwambia mzazi. Mtoto hakuhitaji kumtafuta. Alikuwa amepangiwa.

Somo wa leo ni nani? Shuleni kuna mwalimu wa malezi na unasihi, ndiyo. Mara nyingi ni mwalimu wa Baiolojia mwenye vipindi vyote, aliyeongezewa jina hilo kwenye kikao cha mwanzo wa muhula, hana chumba wala muda, na asubuhi yeye huyo huyo ndiye kashika fimbo kwa wachelewaji. Utamwambiaje siri? Ipo pia namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayoendeshwa na C-Sema tangu 2013, kupiga ni bure. Nilimuuliza mpwa wangu kama anaifahamu. Aliniuliza kama ni ya kununulia bando.

Hapa Kibaha tunajivunia Shirika la Elimu, mradi ulioanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970. Shule, hospitali ya Tumbi na kilimo viliwekwa pamoja makusudi, ili ujinga, maradhi na umaskini vipigwe kwa mkupuo. Mtu aliyefikiri hivyo miaka ile alikuwa ameona mbali. Shule na hospitali bado ziko jirani, ila sijaona mahali ambapo mtoto mwenye moyo mzito anaweza kutoka kwenye moja akaingia kwenye nyingine bila kwanza kudai anaumwa tumbo.

Turudi Kisarawe. Baada ya wiki tatu hivi nilipata aibu, nikapanda gari kwenda Mbezi, nikaunganisha Gongo la Mboto, nikafika kwa dada saa saba mchana. Dada alikuwa ameamua kwenda polisi. Alikuwa amesikia kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kweli kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Nikamuuliza, "Dada, aliyetengeneza stika ana umri gani?" Akanyamaza. Alikuwa anamjua. Ni mtoto wa jirani, wa darasa moja na wake, walicheza rede pamoja.

Basi tukaenda kwa jirani. Mama wa yule binti alitupa mkeka tukakaa. Hakuwa anajua stika ni kitu gani. Ilibidi nimfungulie simu yake mwenyewe nimwonyeshe, na alipouona ule uso aliweka mkono mdomoni. Binti yake akaitwa, akalia kuliko tulivyotegemea. Alisema aliitengeneza kwa sababu kabla ya mahafali stika iliyokuwa inazunguka ilikuwa ya kwake yeye, kuhusu meno yake, na alitaka ihame. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuisikia hiyo ya meno.

Stika ikafutwa kwenye zile simu mbili tulizoweza kuzishika. Ile sauti ya singeli bado ipo huko ilipo.

Sasa hivi huwa nampigia kila Jumapili jioni, kwa simu ya mama yake. Wiki za mwanzo alikuwa anajibu ndiyo na hapana, tukawa tunazungumzia Simba na Yanga tu, na mimi hata mpira siujui kivile. Kwenye mdahalo hajarudi, na sijamwambia arudi. Jumapili iliyopita aliniuliza kama waandishi wanaogopa wanapokwenda kumhoji mtu mkubwa. Nikamwambia mimi huandika maswali kwenye daftari na mikono bado inatetemeka. Akauliza ninafanyaje mikono ikitetemeka. Tukaongea mpaka salio langu likaisha katikati ya jibu.