Bahari hutoa onyo kabla ya kuua, ila wageni hawafunzwi dalili zake

KILA msimu wa likizo unapowadia, maelfu ya Wakenya kutoka bara hufunga safari kwenda kujistarehesha katika fuo za Mombasa, Diani, Watamu na Malindi. Wengi wao huwa wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Si nadra baadhi ya familia hizo kurejea nyumbani zikiomboleza.

Vifo hivyo huitwa ajali, nasi hutoa rambirambi na kusahau hadi likizo nyingine. Lakini mvuvi yeyote wa Pwani atakwambia kwamba mara nyingi bahari huonya kabla ya kuua. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Tatizo ni kwamba mgeni hajafunzwa mawingu ya bahari yanavyofanana.

Chukua mfano wa kupwa na kujaa kwa maji. Katika siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina baina ya maji kupwa na maji kujaa huko Mombasa huweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, wakati ambapo wageni wamekwisha kustaftahi na wanateremka ufuoni. Wanakuta mchanga mtupu na madimbwi, wanatembea hadi kwenye miamba ya matumbawe kutazama samaki na kupiga picha.

Maji yanapogeuka, hayarudi kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa, karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne. Maana yake ni kwamba baina ya saa sita na saa nane mchana kina kinaweza kuongezeka kwa zaidi ya mita moja na nusu, kiasi cha kumfika mtu mzima kifuani. Isitoshe, maji hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya miamba na ufuo. Aliye juu ya mwamba huona bado pakavu miguuni pake, ilhali nyuma yake njia ya kurudi imekwisha kufungwa.

Hatari ya pili ni mkondo unaovuta kuelekea kilindini. Mawimbi yanayosukumwa ufuoni au kuvuka miamba lazima yarudi baharini, na maji hayo hutafuta upenyo, hasa kwenye milango ya miamba. Katika Ghuba ya Malindi, karibu na Mto Sabaki unapomwaga maji, hakuna ukuta wa miamba wa kuyavunja mawimbi, hivyo hufika ufuoni yakiwa na nguvu zake zote. Wakati wa upepo wa kusi, unaojumuisha likizo ya Agosti, bahari huwa na hasira zaidi.

Dalili ya mkondo huu humhadaa asiyeujua. Ni ule ukanda ulioonekana kutulia, usio na mawimbi mengi yanayovunjika, wenye rangi nzito au maji yaliyochafuka kwa mchanga, huku povu na mwani vikielea kuelekea baharini. Mgeni hupachagua hapo kumwogeshea mtoto kwa kuwa panaonekana salama.

Kasi ya mkondo kama huo inaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, na mwogeleaji stadi hawezi kushindana nayo. Kinachomuua mtu ni uchovu wa kupigana nao. Anayenaswa anashauriwa atulie, aelee, ainue mkono kuomba msaada, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye ukanda huo, ndipo arudi nchi kavu. Naye aliye ufuoni asijitose bila kifaa. Amrushie mwenzake boya, kamba au hata dumu tupu lililofungwa, huku akiwaita waokoaji. Mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye anayefuatia kufa.

Hatari ya tatu ni adimu, lakini hatuna budi kuikumbuka. Mnamo Desemba 26, 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, lilizua tsunami iliyoua zaidi ya watu 220,000. Mawimbi hayo yalichukua zaidi ya saa 7 kutufikia. Muda huo uliwezesha watu kuondolewa katika fuo zetu, na Kenya ikapoteza mtu mmoja, ilhali jirani zetu Somalia walizika karibu watu 300.

Karibu na chimbuko la tetemeko hapakuwa na muda kama huo, ila palikuwa na maarifa. Wakazi wa kisiwa cha Simeulue walirithi masimulizi ya tsunami ya mwaka wa 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikajivuta, kimbilieni mlimani. Kati ya wakazi wapatao 78,000, waliofariki walikuwa 7. Huko Phuket, Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliyaona maji yakitoa povu akakumbuka somo la jiografia la majuma mawili awali. Onyo lake liliwaokoa watu takriban 100.

Kisa hicho kinapaswa kutuzindua. Serikali ina uwezo wa kutahadharisha, na ilidhihirisha hayo Mei 2024 ilipopiga marufuku shughuli za baharini wakati Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania. Lakini vimbunga si vya kila siku. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, na saa zake hujulikana mapema kwa kuwa majedwali ya maji hutayarishwa kabla ya mwaka kuanza.

Je, ni kaunti ngapi za Pwani zinazobandika saa hizo kwenye kila lango la ufuo wa umma, kwa Kiswahili chepesi? Ni hoteli ngapi zinazomweleza mgeni ulipo mlango wa miamba kabla ya kumkabidhi taulo? Ni shule ngapi za bara zinazowafunza wanafunzi dalili hizi kabla ya basi la ziara kung'oa nanga?

Kuajiri waokoaji na kununua maboti ya kisasa kunahitaji fedha, na kaunti sharti zitenge fedha hizo. Ubao wenye saa za maji hauhitaji bajeti kubwa. Wavuvi wana ujuzi huu tayari, na wengi wangeutoa kwa furaha iwapo wangeulizwa. Kabla ya likizo ijayo, na waulizwe.