Sato wa moto hana neno, kagua maji ya kunawa

Likizo ikifika mabasi yanayoingia Nyegezi na Nyamhongolo hujaa familia. Wapo wanaokuja kusalimia ndugu, na wapo wanaokuja kuutembea mji huu ambao Wajerumani waliufanya kituo chao mwaka 1892. Watapiga picha kwenye Jiwe la Bismarck, kisha watatafuta sato. Hapo ndipo wazazi huniuliza: “Daktari, niwaache watoto wale chakula cha mtaani?”

Waache wale, ila wewe uangalie kwanza.

Sato aliyetoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka, au ugali unaofuka moshi, ni salama. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo havihimili moto. Hatari huja baada ya moto: kachumbari iliyooshwa kwa maji ya dumu, barafu kwenye juisi, sahani zinazosuuzwa kwenye beseni lilelile tangu asubuhi, na bakuli moja la kunawa kwa watu watano.

Kwa nini maji? Hapa Mabatini nyumba zimepanda mlimani kati ya mawe, na kuchimba choo kirefu juu ya mwamba ni kazi ngumu. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa vyoo hushuka na maji hadi Mto Mirongo, na Mirongo humwaga ziwani. Yupo anayechota humohumo.

Kipindupindu kinapozuka, kama kilivyoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, jambo la haraka huwa kupiga marufuku vyakula vya barabarani. Nia ni njema. Lakini mama lishe aliyefukuzwa ana watoto wa kulisha. Atapika uchochoroni, mbali na bomba na mbali na macho ya bwana afya. Mwanza sasa tuna chanzo cha Butimba chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 za maji kwa siku, pamoja na kile cha Capripoint. Muulize diwani wako ni lini maji hayo yatafika gengeni. Bomba moja na ndoo yenye koki na sabuni vitakinga watu wengi kuliko mgambo.

Mtoto akianza kuharisha, usisubiri kesho. Changanya pakiti ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, umnyweshe kidogokidogo kila anapoharisha. Yakipita saa 24, mwaga uchanganye mengine. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mwombe mtoa huduma vidonge vya zinki, vinavyotumika siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo.

Kimbilia kituo cha afya ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, amelegea, hakojoi, choo kina damu, au kinafanana na maji ya kuoshea mchele. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache.

Na homa ikija wiki moja hadi tatu baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari ulikwenda wapi na ulikula nini. Huenda ni homa ya matumbo, na safari hiyo ndiyo itakayomwonyesha pa kuanzia.