"Nitajifunza Nikishapata Kazi": Tuache Kujidanganya

Vijana wenzetu wa hapa Nakivale, na nyinyi mnaotusoma mkiwa Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma ao Dzaleka, leo tuko na neno, na halitapendeza kila mtu.

Kuna maneno tunayasikia kila siku tukikaa kupiga stori: "Excel? Hiyo nitajifunza nikishapata kazi." Sisi wenyewe tulikuwa tunayasema. Leo tunayakataa, na sababu ni hii.

Mmoja wetu alipata kazi ya miezi mitatu katika shirika fulani, kazi ya kuingiza majina kwenye kompyuta. Tulifurahi wote, hata soda tulinunua. Kwenye CV yake alikuwa ameandika kwamba anajua Excel, kwa sababu sote tunaandika hivyo. Wiki ya pili mkubwa wake akamwambia apange orodha kwa alfabeti kabla ya mgao wa sabuni. Akachagua kolamu ya majina peke yake, akabonyeza pa kupanga. Kompyuta ikamuuliza kwa Kiingereza: nipange pamoja na kolamu za pembeni, ao hii tu? Hakuelewa vizuri, na alikuwa na haraka. Akajibu "hii tu". Majina yakahama, idadi ya watu ikabaki pale pale. Akahifadhi faili, orodha ikachapishwa.

Siku ya mgao, mama mwenye watu tisa nyumbani akaambiwa wako wawili. Mzee anayeishi peke yake akahesabiwa sabuni ya watu saba. Yule mama ni jirani yetu. Alisimama kwenye jua tangu asubuhi, akabishana mpaka akaitwa mwongo mbele za watu. Mwenzetu naye mkataba wake ulikatwa kabla ya mwezi wa pili kuisha. Tulimwonea huruma, lakini aliyeumia wa kwanza ni yule mama, na hakuwa na kosa lolote.

Kosa hilo hilo angelifanya nyumbani, kwenye orodha ya wachezaji wetu wa mpira, tungecheka, angebonyeza Ctrl na Z, yakaisha. Kazini kila mstari ni familia ya mtu. Makosa ya kwanza yanatakiwa yafanyike mapema, mahali ambapo hayamwumizi mtu.

Tunajua mtakavyojibu.

"Hatuna kompyuta." Ni kweli, na inauma. Lakini simu tuko nazo. Google Sheets na Excel zinaingia kwenye simu, na ukishazipakua unaweza kufanya mazoezi hata bando ikiisha. Mwenye kompyuta ya zamani aweke LibreOffice: ni ya bure na haihitaji intaneti kufanya kazi. Chaji ya sola inayotutosha kuangalia video usiku, kwa nini isitutoshe nusu saa ya kujifunza?

"Mimi nilisoma kompyuta Kongo." Vizuri sana. Lakini kule Bukavu na Uvira tulijifunza kwa Kifaransa: SOMME, SI, RECHERCHEV. Huku ofisi zinatumia Kiingereza: SUM, IF, VLOOKUP. Hata ndani ya fomula, kule tulitenganisha kwa nukta-mkato, huku mara nyingi ni mkato tu. Mtu anayejua kabisa anaweza kuanguka mtihani wa ajira kwa sababu ya alama moja. Kuzoea kunachukua wiki chache, na wiki hizo hakuna atakayekupa siku ya mtihani.

"Niko na cheti." Cheti gani? Siku mbili, watu thelathini kwenye kompyuta tano, picha ya pamoja, fulana, kwaheri. Hapa tunawaambia na mashirika: punguzeni fulana. Tuachieni chumba kimoja chenye kompyuta na umeme, jioni mbili kwa wiki, mwaka mzima.

Hatusemi Excel italeta kazi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, lakini nafasi ni chache na kujuana kupo, kila mtu anajua. Tunachosema ni kwamba nafasi ikija, haitakupa mwezi wa kujiandaa. Na hata isipokuja, kazi ya kufanya iko hapa hapa.

Anza na daftari ya likelemba ya mama yako. Andika majina, tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Jumlisha kwa fomula, kisha jumlisha kwa kalamu, uone kama zinalingana. Panga majina vibaya kwa makusudi, angalia namna hesabu za watu zinavyochanganyikana, halafu rudisha. Fanya hivyo nusu saa kila siku, mwezi mmoja.

Halafu ndipo uandike kwenye CV kwamba unajua.