FUNDI WA NDEGE NA SAHIHI YAKE



Ndege ndogo ikianguka kwa kuzimika injini, watu husema ni bahati mbaya. Kisha huuliza, "Fundi alikuwa nani?" Wenzetu wengi hufanya kazi katika mabanda ya ndege pale Wilson, Nairobi, na huko pwani, kwa hiyo swali hilo latuhusu.

Mara nyingi injini ya pistoni haifi ghafula kama wadhanivyo watu. Hutoa habari mapema. Oili inapomwagwa, ambayo kwa kawaida ni kila saa 50 za kuruka, fundi mwangalifu huikata filta akaikunjua karatasi yake mwangani. Akiona chembe za chuma zikimetameta, ajua kwamba injini inajila yenyewe kwa ndani. Tena huipima kila silinda kama bado inashika mgandamizo, na huyatazama maji yaliyoingia katika petroli. Hiyo si kazi ya kupangusa vumbi.

Wako wenye ndege wanaofikiri kwamba ndege isiyoruka haichakai. La, sivyo! Injini inayolala miezi mingi huota kutu ndani, hasa Mombasa na Malindi kwenye hewa ya chumvi, na siku ikiamshwa kutu hiyo husaga vyuma. Ndiyo sababu kampuni ya Lycoming, waundaji wa injini hizi, huweka vipimo viwili vya kuifungua injini yote: kwa nyingi za aina zake ni saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Tajiri hukisoma kile cha saa tu.

Na Wilson iko juu, futi 5,500 na zaidi. Hapo injini isiyo na turbo imekwisha kupoteza kadiri ya sehemu moja katika sita ya nguvu zake kabla haijaondoka chini. Injini iliyochoka yaweza kupaa Malindi bila taabu, ikashindwa Nairobi siku ya jua kali na ndege imejaa watu.

Sasa fundi akisema, "Silinda hii ni dhaifu, ndege isimame," huambiwa wageni wa Maasai Mara wanangoja. Tia sahihi leo, tutatengeneza Jumatatu! Lakini katika kitabu cha injini jina la tajiri halimo. Limo la fundi, pamoja na namba ya leseni yake, na hilo ndilo wakaguzi watakalolisoma.

Hatusemi mafundi hawana makosa. Nati za silinda zisipokazwa kwa kipimo, silinda yaweza kung'oka angani, na hiyo ni kazi ya mikono yetu. Bali mtu aliyeshika spana tangu asubuhi, akamalizia usiku wa manane kwa tochi, ataukumbukaje ukazo wa kila nati? Twataka saa za kupumzika ziandikwe katika mapatano, na kazi ya usiku ikaguliwe na fundi wa pili. Tena asifukuzwe mtu kwa kukataa kutia sahihi.

Mwanachama aliyelazimishwa na aandike siku, saa na maneno aliyoambiwa, amletee katibu wa tawi lake kabla ya mkutano wa mapatano. Jina lake halitatajwa mbele ya tajiri.