Mama Asiachwe Peke Yake Leba

Hebu jiulize, ndugu yangu: mkeo au dadako akishikwa na uchungu usiku wa leo, mle ndani leba atakuwa na nani? Kwa wengi wetu, hana mtu. Nyinyi mtabaki getini na beseni na leso, mkingoja kuitwa.

Siku hizi mjini kuna kina mama wanaoitwa doula. Doula si mkunga. Hapimi, hazalishi, hatoi dawa. Kazi yake ni kukaa na mzazi mwanzo hadi mwisho: amsugue mgongo, ampe maji, amtembeze, amwite nesi mambo yakibadilika. Jina ni geni tu. Pwani kazi hii ilikuwa ya somo, shangazi na nyanya. Hospitali imetuletea usalama, ila huyu mtu tukamwacha nje.

Na si anasa. Utafiti uliokusanya wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17 ulionyesha kuwa mama mwenye mtu wa kumshika mkono muda wote huelekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, na upasuaji hupungua. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mwenye pesa humlipa doula, akaenda naye hospitali ya kibinafsi. Maskini je? Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma Bungoma, akatukanwa na kupigwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua haki zake zilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5. Ni vigumu kumpiga mama ambaye dadake amesimama kando yake.

Watakwambia wodi zimejaa na wazazi wengine wanahitaji stara. Ni kweli. Basi wekeni pazia, na anayeingia awe mwanamke. Hilo haliwezi kuishinda kaunti.

Katiba, kifungu cha 28 na cha 43, inampa mama heshima na afya ya uzazi. Kwa hivyo mkienda kliniki, ulizeni mapema: je, ataruhusiwa mtu wa kuingia naye? Na kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, vijana msikae baraza. Nendeni mkadai hizo pazia.