Maulizo ya Kiingereza ku nyumba



Mama mumoja wa Panda ametuandikia barua fupi. Binti yake anasoma sekondari, ku buletini ana pointi nzuri za Kiingereza, na majina ya aina ine za sentensi anayajua ku kichwa: sentensi ya kusema jambo, ya kuuliza, ya kuamuru na ya kushangaa. Siku moja dereva wa kamyo, mutu wa Zambia, akasimama mbele ya meza ambapo yule binti anauzisha mikate, akauliza: «Is this the road to Kolwezi?» Binti akafikiri kidogo, kisha akajibu: «Is this the road.» Dereva akacheka, akaenda kuuliza kwingine. Mama anaandika hivi: «Majina ya sentensi anayajua, lakini sentensi yenyewe hapana. Na miye sikusoma Kiingereza. Nitamusaidia namna gani?»

Asante, mama. Barua yako imenigusa juu ku jamaa yetu wenyewe tulipata jambo la namna hiyo, na halikuishia kwa kucheka.

Mutoto wa dada yangu alikuwa akifanya staji ku atelye moja. Mukubwa wa kazi alikuwa mugeni, hajui Kifaransa, hajui Kiswahili. Asubuhi moja akamuuliza kijana juu ya robine ya pipa la mafuta: «Didn't you close it?» Maana yake: «Haukuifunga?» Kijana akajibu kwa heshima yote: «Yes.» Mukubwa akawasha pampu. Mafuta yakamwagika ku sima yote ya atelye. Hakuna mutu aliyeumia, lakini kijana akaitwa mwongo mbele ya wenzake, na staji yake ikaishia pale.

Hakuwa mwongo. Alijibu kama sisi wote tunavyojibu. Kwetu, ukimuuliza mutu «Haukufunga?» naye hakufunga, anasema «Eeh», ni kusema: unasema kweli, sikufunga. Tunaitikia neno la yule anayeuliza. Mwingereza haangalii neno la kuuliza, anaangalia jambo lenyewe. Robine imefungwa? «Yes.» Haikufungwa? «No.» Hata ulizo likija na «not» ndani, jibu halibadiliki. Kifaransa kina «si» ya kumukatalia anayesema kwa kukana, lakini wangapi kati yetu wanaitumia sawasawa? Na Kiingereza hakina neno hilo hata kidogo.

Dawa yake ni ndogo. Mufundishe mutoto asiache «yes» ao «no» peke yake. Aweke mukia: «Yes, I did.» Ao: «No, I didn't.» Kama yule kijana angesema «No, I didn't», pampu isingewashwa. Na kama angekosea aseme «Yes, I didn't», mukubwa angeshangaa na kuuliza tena, na hapo pia mafuta yangebaki mu pipa.

Ninasema hayo mbele ya yote juu wengine wanafikiri Kiingereza ni masomo ya kupata pointi tu. Toka Likasi mupaka Lubumbashi ni karibu kilometre 120, kisha unashuka Kasumbalesa, na ngambo ya mupaka Kiingereza ndiyo luga ya biro na ya kalasi. Makamyo yanayotoka Kolwezi yanapita kwetu muchana na usiku. Tangu mwaka 2022 inchi yetu imeingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kule pia karatasi nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza. Tena si mambo mapya. Zamani za mwanzo wa migodi, wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na Kiingereza kilisikika sana ku kazi. Mutoto akisema «buku» ao «bulangeti», anasema Kiingereza bila kujua.

Sasa tuje ku sentensi. Kwa nini ulizo la Kiingereza linawashinda watoto wetu? Juu kwetu kuuliza ni kazi ya sauti. «Baba iko ku kazi.» «Baba iko ku kazi?» Maneno ni yale yale, sauti tu imepanda. Ku Kifaransa cha kila siku pia inakubaliwa. Mwingereza naye anapandisha sauti, lakini haitoshi: maneno yanahama fasi.

Muchezo ninaoupenda ni huu. Chukua vipande vya karto, andika neno moja moja na makala ao kreyo: «Father», «is», «at work». Watoto watatu wasimame mu mustari, kila mumoja na karto yake ku kifua. Wasome: «Father is at work.» Hiyo ni sentensi ya kusema jambo. Sasa sema: «Ulizo!» Mutoto mwenye «is» anaruka mbele ya «Father», na wote wanasoma tena: «Is father at work?» Mutoto aliyeruka kwa miguu yake hasahau. Rudini, rukeni tena, na «Mother is at the market», na «The children are at school». Mara kumi, kumi na tano, mupaka mudogo wa nyumba anaanza kupiga kelele mbele ya wengine.

Siku nyingine mulete neno gumu, «do». Kwetu halina ndugu. «Je» inafanana nayo kidogo, juu inakaa mbele, lakini «je» haibadiliki na unaweza kuiacha. «Do» hauwezi kuiacha. Mu muchezo wetu, mutoto mumoja anabeba karto ya «do» na anakaa chini ku mulango, hana kazi. Wengine wanasimama: «You», «sell», «charcoal». Unauzisha makala. Ukisema «Ulizo!», «sell» haina nguvu ya kuruka kama «is». Basi inamuita yule wa ku mulango. Anakuja mbio, anasimama mbele: «Do you sell charcoal?»

Halafu mugeuze: «Mama sells charcoal.» Ile «s» ya mwisho iandikwe ku karto yake ndogo, iwe ku mukono wa mwenye «sell». Ukisema «Ulizo!», «do» anafika na kunyanganya ile «s». Anakuwa «does», na mwenzake anabaki «sell» mutupu: «Does mama sell charcoal?» Watoto wanapenda sana hapo pa kunyanganya. Wanagombana hata.

Kwa jambo la jana ni vile vile. «Mama sold charcoal.» «Did mama sell charcoal?» Hapa ndipo karibu watoto wote wa Likasi wanaanguka, na hata sisi wakubwa. Wanasema «Did mama sold». Sababu yake iko mu luga yetu: kwetu wakati unakaa ndani ya neno la kitendo, «aliuzisha», na ukiuliza hautoki mule. Mutoto anaona vibaya kuutoa. Mwambie kwamba wakati ni gunia moja. «Did» akilibeba, mwenzake anatembea mikono mitupu.

Jambo lingine ni maneno kama «where» na «what». Sisi tunasema «Unakaa wapi?», na «wapi» inakuja nyuma. Kwa hiyo mutoto anasema «You live where?» Mwingereza atamusikia, lakini si sentensi iliyotengenezwa. «Where» inasimama mbele ya wote, na «do» inaifuata: «Where do you live?» Iko moja inayopita bila «do», ni ulizo la kumutafuta mwenye kufanya: «Who sells charcoal?» Musiipige sana, itakuja yenyewe.

Sentensi ya kushangaa haina kazi kubwa. «What a big fish!» «How hot it is!» Mutoto anayejua kusema «Eeh, samaki mukubwa namna hii!» ataipata mara moja. Muonyeshe tu kwamba haiulizi kitu, hata kama inaanza na «what» ao «how».

Kuhusu kuamuru, hapo nataka tusimame kidogo. Mu buku nyingi za watoto amri ndiyo inakuja upesi: «Come here. Sit down. Open the door. Don't run.» Ni rahisi kweli. Hakuna «do», isipokuwa ya kukataza, hakuna kuruka, na neno moja linatosha kwa mutu mumoja na kwa wengi, pale sisi tunapobadilisha: «Kuya», «Mukuye». Wazazi wanafurahi: mutoto anajua Kiingereza!

Lakini kumbukeni namna babu zetu walivyofundishwa luga ya kazi. Johannes Fabian, aliyefundisha ku universite ya Lubumbashi mu miaka ya 1972 mupaka 1974, alitoa mwaka 1986 kitabu juu ya Kiswahili wakati wa ukoloni wa Wabeleji. Alichunguza vile vitabu vidogo vya maneno ambavyo Wazungu walitumia, na ndani yake mulijaa maneno ya kuamuru: leta, beba, fanya. Mutu anayejifunza luga kwa amri tu anajua kutumwa na kutuma. Kuuliza hajui. Na fundi asiyejua kuuliza «Is it closed?» anakaa mu hatari siku zote, yeye na wenzake.

Tena amri ya Kiingereza bila kitu kingine inaumiza masikio. Sisi heshima yetu iko ndani ya neno: «leta» si sawa na «uniletee», na mutoto wa Likasi anajua hiyo tangu akinyonya. Akitafsiri «Unipatie karatasi yangu» anapata «Give me my paper», na ile heshima yote imebaki njiani. Pale ku mupaka, mbele ya dirisha la biro, mutu anakuona umekosa adabu, na karatasi yako inawekwa chini ya zingine. Mwingereza akitaka kuomba anaongeza «please», ama anavaa ulizo: «Can you help me?» Haulizi kama una nguvu ya kusaidia. Anaomba. Ukijibu «Yes, I can» na kubaki umekaa, atakushangaa. Ndiyo maana nasema ulizo lifundishwe mbele ya amri. Mutoto akilishika, kuomba kwa adabu anakupata bure.

Narudi kwako, mama wa Panda. Unasema haukusoma Kiingereza. Kwa kazi hii hauhitaji kukisoma. Mwombe binti yako aandike karto. Yeye ni mwalimu, wadogo zake ni maneno. Wewe unakaa na sombe yako, unakata majani, na unahukumu vitu viwili tu. Cha kwanza: ukisema «Ulizo!», je, mutu mumoja amehama ao ameitwa ku mulango? Kama wote wamebaki walipokuwa na sauti tu imepanda, warudie. Cha pili: jibu lina mukia? Ukisikia «yes» ikianguka peke yake, piga meza.

Kisha umuulize kwa Kiswahili, kila magaribi, ulizo moja lenye kukana: «Haukuchota maji?» Kwako ajibu kama kawaida yetu. Halafu ageuke, ajibu lile lile kwa Kiingereza. Ile «Eeh» ya kwetu itageuka «No, I didn't» mu kinywa kimoja, na mwanzoni atacheka sana.

Mutoto wa dada yangu alipata staji nyingine, mwaka mumoja nyuma. Juma lililopita nilimupigia simu, nikamuuliza kwa kumujaribu: «Haujakula?» Akasema: «Eeh, mama. No, I haven't.»