Fao la kukosa ajira: Mkata mkonge wa Korogwe atalipata?

SHAMBA la mkonge likipunguza watu Korogwe, habari huwahi kufika dukani. Mwenye duka hufungua daftari la madeni na kuhesabu unga, sukari na mafuta ya taa aliyokopesha akitegemea mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo suala la nani analipwa anapopoteza kazi si la vibarua peke yao. Linamgusa pia mfanyabiashara, pamoja na mkulima wa Handeni ambaye mwanawe ameajiriwa shambani.

Wilaya hizi mbili zinajua maana ya ajira kupotea. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000, na maelfu ya watu walirudi vijijini.

Mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Kabla ya hapo mfanyakazi aliyeachishwa kazi alizoea kuchukua michango yake yote, yaani fao la kujitoa. Serikali ilipojaribu kulizuia mwaka 2012, wafanyakazi, hasa wa migodini, walipinga vikali.

Masharti

Anayedai fao hili awe Mtanzania mwenye umri chini ya miaka 55, awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18, awe hajapata kazi nyingine, na awe hakuacha kazi kwa hiari yake. Akitimiza hayo hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa nusu ya michango yake.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh240,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kila mwezi zinakwenda Sh48,000, na kwa miezi 18 zinafika Sh864,000. Akipoteza kazi atapata takriban Sh80,000 kwa mwezi, jumla kama Sh480,000 kwa miezi sita.

Fedha hizo hazijengi nyumba, lakini zinanunua unga na mbegu za msimu unaofuata, na zinapunguza deni la dukani. Bila hizo familia huuza mbuzi, au huuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa.

Tatizo liko wapi?

Ugumu ni hiyo miezi 18. Kijana anayetoka Handeni kwenda kukata mkonge baada ya mahindi kuungua na jua hulipwa kwa ngwe aliyomaliza. Mvua zikinyesha anarudi kulima. Kama jina lake halikupelekwa NSSF, hata akirudia kazi hiyo miaka mitano, kwenye vitabu vya Mfuko hayupo.

Tatizo la pili ni barua. Mfanyakazi anayetia saini kuwa ameacha kazi mwenyewe, huku ukweli ni kwamba amepunguzwa, anajifungia mlango wa fao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi, na kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka mmoja akapunguzwa ana haki pia ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mkulima naye ni mwajiri

Wakulima wadogo wa mkonge walio katika vyama vya msingi Korogwe, na wenye maduka wanaoajiri wauzaji, wasidhani sheria inayataka mashamba makubwa tu. Anayemkata mfanyakazi mchango na kukaa nao anavunja sheria, na anamwibia mtu akiba ya siku ya shida. Aliyejiajiri anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari, ila ajue kuwa fao hili ni la aliyeachishwa na mwajiri.

Mfanyakazi asisubiri siku ya kuachishwa ndipo aanze kuuliza. Atunze mkataba na hati za mshahara, na aulize NSSF mara kwa mara kama michango imefika. Mwezi usiolipiwa ni rahisi kuudai mwajiri akiwa bado yupo kuliko lango la shamba likishafungwa.